UZI: Baba alitolewa saratani kooni bila kukatwa shingo. Kabla hujauza shamba, soma hapa

Binti wa Majengo (Jumapili, saa 3 usiku)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu watatu, wote swali moja: mzee wenu alitibiwaje saratani ya koo na shingoni hana hata kovu? Nimechoka kueleza nusu nusu kwenye simu, kwa hivyo naandika yote hapa.

Baba ni muadhini. Waliokulia Majengo, Pumwani, wanaijua sauti yake hata kama hawamjui sura. Sigara aliacha zamani, lakini alivuta zaidi ya miaka ishirini, enzi akiuza mitumba Gikomba. Sauti ilipoanza kukwaruza tulisema ni vumbi. Kisha tukasema ni baridi ya Julai. Kisha uzee. Zahanati moja ya karibu ilimpa dawa za kuua vijidudu mara tatu, ya nne ikampa dawa ya asidi ya tumbo. Hakuna aliyemtazama ndani ya koo. Miezi mitano ikaenda hivyo hivyo. Alfajiri moja akiwa katikati ya adhana sauti ikakatika, mtu mwingine akamalizia. Alirudi nyumbani akaketi kwenye mkeka bila kuvua kofia, hakusema neno. Mama ndiye aliyesema: kesho hospitali kubwa.

Daktari wa masikio, pua na koo alimpulizia dawa ya ganzi puani, akapitisha mpira wenye kamera, mwembamba kuliko kalamu. Hata dakika tano hazikufika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba, nikaziona nyuzi za sauti kwenye skrini: mbili, nyeupe, zimeshikana mbele na kuachana nyuma kama mkasi uliofunguliwa. Wa kulia ulikuwa laini, unang'aa. Wa kushoto ulikuwa na kitu cheupe chenye magamba, kama punje ya wali iliyokauka sahanini. Daktari akamwambia aseme "iii". Nyuzi zikasogea, zikakutana. Daktari akashusha pumzi, akasema, "Mzee, uzi bado unatembea. Hilo ni jambo zuri sana."

Siku ile sikuelewa uzuri wake. Baada ya kipande kupimwa maabara na picha ya shingo kupigwa ndipo akatueleza: ni saratani, ila iko kwenye uzi mmoja tu, uzi haujakakamaa, na tezi za shingo ni safi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Sehemu ile ya nyuzi ina mishipa michache sana ya limfu (ile inayopeleka maji ya mwili kwenye tezi), kwa hivyo saratani hukaa pale pale muda mrefu kabla haijapata njia ya kusafiri. Halafu hata uvimbe wa ukubwa wa punje huharibu sauti, kwa hivyo mwili hupiga kelele mapema. Baba alipiga kelele miezi mitano, sisi tukamchemshia tangawizi.

Tulipewa njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa leza kupitia mdomoni. Ya pili ni mionzi, siku tano kwa wiki, wiki tano hadi sita. Kwa hatua ile, zote mbili huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika 100. Baba aliuliza swali moja tu: ipi itanirudishia adhana? Daktari hakumdanganya. Alisema leza huacha pengo dogo kwenye uzi na hewa hupenya pale, sauti inaweza kuwa na upepo. Mionzi haikati kitu, lakini hukausha koo, na kwa kawaida sehemu moja haipigwi mionzi kamili mara mbili. Leza inaweza kurudiwa. Baba akafikiri, akasema, "Basi mionzi tuiweke akiba."

Siku ya upasuaji alilazwa chali, kichwa nyuma, wakapitisha bomba la chuma mdomoni hadi kwenye nyuzi, darubini kubwa ikasimamishwa mbele ya bomba, na leza ikapita humo humo. Nesi alinieleza baadaye kwamba wote chumbani huvaa miwani, na uso wa mgonjwa hufunikwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, kwa sababu leza na oksijeni vikikutana vibaya hushika moto. Hata mpira wa kupumulia ni wa aina yake. Kesho yake alirudi nyumbani. Jino moja lilikuwa linatikisika kidogo na ulimi umekufa ganzi upande, basi. Akaagizwa asiseme kabisa kwa siku kadhaa. Alichukua daftari la mjukuu wake wa darasa la tatu, na neno la kwanza aliloandika ni "chai".

Ulizeni. Nitajibu ninachokijua.

Mwana wa Bomet (Jumapili, saa 4 usiku)

Dada, pole na hongera. Lakini nimechanganyikiwa. Shangazi yangu alikuwa na saratani ya koo. Alipelekwa Tenwek akawekewa mrija ndani ili chakula kipite. Hakumaliza mwaka. Baba yako mbona alirudi nyumbani kesho yake? Ni dawa gani hiyo ambayo sisi hatukupewa?

Sista wa Zamu (Jumapili, saa 5 usiku)

Ndugu yangu wa Bomet, pole kwa shangazi. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya saratani hapa Nairobi miaka kadhaa, na swali lako nalisikia kila wiki. Hamkunyimwa dawa. Ni maradhi mawili tofauti yaliyopewa jina moja.

Lugha yetu ina maneno, ila tumeyaacha, kila kitu tunakiita koo. Umio ni njia ya chakula kushuka tumboni. Hiyo ndiyo saratani inayosumbua sana Bonde la Ufa, na hospitali ya Tenwek inajulikana kwa ile mirija ya kufungua njia. Mtu huanza kukwama na ugali, kisha uji, kisha mate, na kwa kuwa umio hutanuka, wagonjwa wengi huja njia ikiwa karibu imefungwa. Zoloto ni lile sanduku la sauti, pale kwenye kikoromeo. Ndipo alipougua baba wa Majengo. Juu yake kuna koromeo, nyuma ya mdomo, pamoja na mafindofindo na shina la ulimi. Saratani ya hapo nayo ina mambo yake mengine kabisa.

Kwa hivyo mtu akikwambia "fulani alipona kansa ya koo kwa leza", muulize kwanza: koo gani? Umio hautibiwi kama zoloto.

Na ninyi nyote: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au uvimbe shingoni usiouma, au sikio moja linauma na daktari wa masikio haoni kitu sikioni, nendeni mkatazamwe koo kwa ile kamera. Msikubali dawa ya nne kabla ya kutazamwa.

Mpwa wa Umoja (Jumatatu, saa 12 asubuhi)

Nimesoma huu uzi kwenye matatu na machozi yamenitoka mbele za watu. Mjomba wangu alitolewa sanduku la sauti lote. Anapumua kwa tundu la shingoni. Ana kile kidude cha kuongelea, hufunika tundu kwa kidole gumba ndipo sauti itoke. Alikuwa fundi wa magari, mcheshi wa mtaa mzima, sasa watoto wadogo humkimbia. Sista, niambie ukweli. Tulidanganywa? Angeweza kubaki na sauti yake?

Sista wa Zamu (Jumatatu, saa 8 mchana)

Mwanangu, sijaona faili lake, kwa hivyo siwezi kumhukumu daktari wake. Nitakueleza wanavyoamua, wewe utapima.

Kutoa zoloto lote kwa ajili ya saratani kulianza Vienna, mwaka 1873, mikononi mwa daktari Billroth. Zaidi ya miaka mia moja, uvimbe ukishakuwa mkubwa hapakuwa na jibu bora. Mwaka 1991 madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 332. Nusu walipasuliwa kisha wakapigwa mionzi, nusu wakaanza kwa dawa za kemikali kisha mionzi. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai walikuwa sawa pande zote, asilimia 68. Lakini katika kundi la dawa, asilimia 64 walikuwa bado na zoloto lao. Tangu hapo kuokoa sauti kukawa lengo halali la matibabu. Baadaye, mwaka 2003, ikaonekana kutoa dawa na mionzi kwa wakati mmoja kunaokoa mazoloto mengi zaidi.

Sasa sikia upande wa pili. Ikiwa uvimbe umetoboa gegedu, ule mfupa laini wa zoloto, na kutoka nje, au zoloto limeshaharibika hivi kwamba chakula kinaingia mapafuni kila anapomeza, kulibakiza ni kumbakizia mgonjwa kitu kisichofanya kazi. Atakuwa na zoloto, lakini atalishwa kwa mpira na kuugua nimonia kila mara. Hapo kulitoa ndiyo huruma yenyewe. Mjomba wako alikuwa anapaliwa alipokunywa maji kabla ya upasuaji?

Mpwa wa Umoja (Jumatatu, saa 9 alasiri)

Alikuwa anapaliwa hata na mate yake. Alilala ameketi miezi miwili. Asante, Sista. Nilikuwa nimebeba hili jambo peke yangu.

Binti wa Majengo (Jumatatu, saa 2 usiku)

Mpwa, mlete mjomba Majengo Ijumaa moja. Baba anataka kumwona. Nimemsomea ujumbe wako akaniambia niandike hivyo.

Kaka wa Kariobangi (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Wapendwa, nisaidieni, maana muda unaniishia. Mdogo wangu ana miaka 46, saratani ya findo, ilianza na uvimbe shingoni kama yai. Hajawahi kuvuta sigara. Vipimo vinasema p16 chanya, yaani ni ile ya virusi. Anapigwa mionzi, mara 35 kwa jumla, pamoja na sisiplatini, dawa ya kemikali ya saratani. Amefika ya 19. Mdomo umejaa vidonda, anatema mate kwenye kopo usiku kucha, kilo zimeshuka tisa. Jana amesema harudi tena.

Rafiki yake ametutumia habari kwamba wenye virusi siku hizi wanapewa dozi pungufu na wanapona. Mwingine anasema tumpeleke India akapasuliwe na roboti. Familia imekaa, kuna ekari moja Murang'a inaweza kuuzwa. Je, tusimamishe mionzi tuuze shamba? Au 19 zinatosha?

Sista wa Zamu (Jumanne, saa 5 asubuhi)

Hazitoshi. Msisimamishe. Nimetoka kwenye mapumziko yangu kuandika hili. Nitaeleza sababu jioni, lakini leo hii mpigie simu nesi wa kliniki ya mionzi mwambie vidonda na kilo tisa. Usingoje siku ya miadi ya daktari.

Sista wa Zamu (Jumanne, saa 1 usiku)

Haya, nimefika nyumbani.

Ni kweli saratani ya koromeo iliyoletwa na virusi vya papiloma, hasa namba 16, husikia matibabu kuliko ile ya sigara na pombe. Utafiti wa mwaka 2010 ulikuta baada ya miaka mitatu asilimia 82 ya wenye virusi walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57 ya wasio navyo. Ndipo madaktari wakajiuliza: hawa wengi watapona, na bado ni vijana, wataishi miaka thelathini na mdomo mkavu. Kwa nini tusiwapunguzie? Swali zuri, lenye huruma.

Wakajaribu. Kwanza waliondoa sisiplatini wakaweka dawa nyingine, setuksimabu, iliyoaminika kuwa laini zaidi. Wagonjwa 334 wakashiriki, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Baada ya miaka miwili, waliopewa sisiplatini walikuwa hai asilimia 97.5, waliopewa ile laini 89.4. Na madhara makali hayakupungua! Nafasi ya kuishi ilipungua, mateso hayakupungua. Kisha Marekani wakajaribu kushusha mionzi kutoka grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) hadi 60 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, wasio wavutaji wakubwa. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba dozi ndogo haikuweza kuonyeshwa kuwa sawa na kamili. Dozi pungufu ya grei 50 imefanya vizuri kwa watu waliopasuliwa kwanza kupitia mdomoni, kisha maabara ikapima kilichotolewa na kuwaweka kwenye kundi linalofaa. Huyo si mdogo wako. Yeye hakupasuliwa. Mionzi ndiyo panga lake peke yake.

Na kuacha katikati si sawa na kupunguziwa dozi. Seli zilizobaki huanza kuongezeka kwa kasi mapumziko yanapokuwa marefu. Kila siku inayopotea inakula nafasi yake ya kupona.

Kuhusu roboti: Pennsylvania ndiko walikoanzisha upasuaji huo wa mdomoni, na Marekani wakauruhusu rasmi mwaka 2009. Ni kazi nzuri. Zamani kufikia shina la ulimi ilibidi wapasue taya, leo mikono midogo inapita mdomoni. Lakini mwaka 2019 Wakanada walilinganisha roboti na mionzi kwa wagonjwa 68, wakipima jinsi mtu anavyomeza baada ya mwaka. Waliopigwa mionzi walipata alama 87 hivi, waliopasuliwa 80. Tofauti ni ndogo, ila haikuwa upande wa roboti. Na mtu ambaye tezi zake za shingo zimevimba kama yai, hata akipasuliwa, mara nyingi hupigwa mionzi juu yake. Ekari ya Murang'a ibaki na mahindi yake.

Upole mnaoutafuta upo, ila hauko kwenye kupunguza. Ni morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, dakika 30 kabla ya kula. Ni kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi na magadi ya kuokea (baking soda) kila saa mbili, si dawa ya mdomo yenye spiriti, hiyo huchoma. Ni mpira wa kulishia wa muda, akatae aibu, miezi michache unatolewa. Ni kumeza hata vijiko vitano vya maji kila siku ili misuli isisahau kazi. Muulize daktari kama sisiplatini anapewa ile kubwa ya kila wiki tatu au ndogo ya kila wiki. Wajapani wameonyesha kwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa kwamba ya kila wiki haikuwa duni, na figo, ambazo dawa hii huziumiza, zilipumua. Hilo ni la daktari kuamua, lakini ninyi mna haki ya kuuliza.

Mama Zawadi (Jumanne, saa 3 usiku)

Naomba niulize lisilosemwa. Wifi yangu, ambaye mumewe naye ana saratani hii, amesikia "virusi" akafungasha. Anasema mume alitoka nje ya ndoa.

Sista wa Zamu (Jumanne, saa 4 usiku)

Mwambie afungue sanduku. Virusi hivi watu wengi sana huvipata wakati fulani maishani, mwili huvifukuza bila mtu kujua. Kwa wachache hujificha, na saratani hutokea miongo baadaye. Havisemi nani alifanya nini mwaka jana. Na mkiwa na binti wa miaka kumi, mpelekeni chanjo. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019, na inakinga dhidi ya hiyo namba 16 yenyewe.

Binti wa Majengo (Jumatano, saa 2 usiku)

Kuhusu pesa, maana wengi mmeniandikia pembeni. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilianza kwa Sh550,000 kwa kaya kwa mwaka: Sh400,000 za mfuko wa bima, na zikiisha, Sh150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hubadilishwa, kwa hivyo mwone ofisa wa SHA aliye hospitalini kabla ya siku ya kwanza. Hakikisheni michango imelipwa na kila jina limesajiliwa. Sisi tulikuta mama yumo na baba hayumo, tukapoteza siku nne kwenye benchi. Mionzi ipo Hospitali ya Kenyatta na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, zote za umma.

Na kabla ya mionzi ya shingo mgonjwa aone daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe mapema. Likija kung'olewa baada ya mionzi, taya linaweza kukataa kupona.

Mpwa wa Umoja (Ijumaa, saa 11 jioni)

Tumetoka Majengo. Wazee wawili wamekaa barazani saa nzima, mmoja sauti ya upepo, mwingine kidole shingoni. Wameongea habari za Gikomba ya zamani. Mjomba hajaongea hivyo mbele ya mgeni tangu upasuaji.

Kaka wa Kariobangi (wiki tatu baadaye, Jumatano, saa 10 jioni)

Nimerudi. Alikasirika, akalia, akakubali mpira wa kulishia. Tulipoteza siku mbili tu, kliniki ikazifidia. Leo amepigwa ya 35. Ngozi ya shingo ni nyeusi kama sufuria na hawezi kuonja chochote, anasema kila kitu ni kama karatasi. Tulipofika nyumbani aliomba kikombe kidogo cha uji, akaketi mlangoni juani, akameza nusu yake kwa mdomo. Ilimchukua dakika arobaini. Nimezihesabu.